Uzee hauji kwa siku tatu

Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, viongozi wetu hupiga picha na wazee, hugawa kanga, sukari na mchele, kisha husoma hotuba. Umoja wa Mataifa uliitenga siku hiyo mwaka 1990, na sisi Tanzania tukaongeza ya kwetu: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wasio na uwezo, na lile dirisha la wazee lililobandikwa tangazo lake kwenye hospitali za serikali. Silibezi dirisha hilo. Nimewaona vijana wakimpisha bibi kwenye foleni ya asubuhi, na ni jambo la kushukuru. Ila kazi yangu mimi iko nyuma ya dirisha, wodini, na huko naona kwamba tumemfupishia mzee foleni ya kufika mahali ambapo wengi wetu hatujui la kumfanyia.

Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya magonjwa ya ndani katika hospitali ya mkoa, Kanda ya Ziwa. Nina miaka 58. Nikitimiza 60 nitaletewa barua ya kustaafu, na siku hiyohiyo nitakuwa na haki ya kusimama kwenye dirisha la wazee. Kwa hiyo msinione kama mtu asiye na maslahi. Nataka nikifika huko nikute wenzangu wameacha kauli moja ambayo husemwa kila siku, kwa sauti ya huruma, mbele ya mgonjwa na ndugu zake: "Huu ni uzee tu."

Husemwa bibi akiletwa amechanganyikiwa. Husemwa babu akiacha kula, mtu mzima akianza kujikojolea, au akianguka mara mbili ndani ya wiki moja. Ndugu huitikia kwa kichwa, kwa sababu hata wao walikuwa wanawaza hivyohivyo njiani. Kauli ikishatolewa hakuna kinachopimwa tena. Faili linafungwa kabla halijaandikwa.

Hoja yangu ni fupi. Uzee hauji kwa siku tatu. Kilichomjia mzee kwa siku tatu ni ugonjwa, au ni dawa tuliyompa, au ni kitanda tulichomlaza.

Wanasayansi wana nadharia nyingi za kuzeeka, na zinagombana. Mwaka 1956 Denham Harman alisema mwili huchakazwa na kemikali kali zinazozalishwa na pumzi yetu wenyewe. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead, huko Philadelphia, walionyesha kwamba seli za binadamu zinazokuzwa maabara hugawanyika takriban mara 50, kisha husimama. Baadaye Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak wakaeleza jinsi ncha za kromosomu zinavyolindwa, ncha ambazo katika seli nyingi hufupika kila seli inapogawanyika. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Wanabishana kuhusu chanzo, lakini kuhusu mwendo hawabishani: kuzeeka huchukua miongo. Figo hupungua nguvu kidogo kidogo tangu umri wa makamo. Misuli vivyo hivyo. Hakuna nadharia hata moja inayosema mwanamke wa miaka 78 aliyekuwa akipalilia mihogo Jumapili ataamka Jumatano hajui jina la mwanawe kwa sababu ya umri wake.

Nina bibi wa namna hiyo kichwani. Wajukuu walimleta kutoka visiwa vya ziwani akiwa anaongea maneno yasiyoeleweka, anavuta shuka, anamwita marehemu mumewe. Barua ya rufaa ilisema amechanganyikiwa kutokana na umri. Tulipompima sukari, ilikuwa chini mno. Kwa muda mrefu alikuwa akimeza glibenklamaidi, kidonge cha kisukari kinachojulikana sana kwetu. Meno yalikuwa yamemtoka, ugali ukawa unamshinda, chakula kikapungua, lakini kidonge hakikupungua. Figo za mtu wa umri wake huitoa dawa hiyo mwilini polepole, basi ikaendelea kuishusha sukari usiku kucha. Tulimwekea dripu ya glukosi. Kabla chupa haijaisha, alituuliza nani amebaki na mbuzi wake. Huo uzee ulitibiwa kwa chupa moja ya dripu.

Si kila mara hutokea haraka namna ile, lakini mambo ya kutafuta yanajulikana. Mzee anaweza kuwa na nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo bila joto kupanda. Dalili pekee ikawa kuchanganyikiwa au kukataa chakula. Kiu hupungua kwa umri, hivyo mwili unaweza kukauka naye asiombe maji. Mkojo uliozuilika au choo kigumu cha siku nyingi vinaweza kumpoteza akili kwa muda. Dawa za presha zikizidi, akisimama anaona kizunguzungu, anaanguka, anavunjika nyonga. Sindano na vidonge vya diklofenaki, ambavyo wazee wetu hununua dukani kwa ajili ya magoti, vinaweza kuumiza figo na kupandisha presha, halafu presha ile ikaongezewa kidonge kingine. Ndiyo maana wodini kwangu ndugu huambiwa walete ule mfuko wa nailoni wa dawa kutoka nyumbani, wote kama ulivyo, na tunaumwaga mezani. Mara nyingi mezani pale ndipo ugonjwa unapoonekana.

Pia tunapaswa kuangalia tunavyowapima akili. Unamuuliza bibi wa Kisukuma kwa Kiswahili cha ofisini leo ni tarehe ngapi, hajibu, unaandika hana kumbukumbu. Msalimie "mwangaluka" uone kama hajakuitikia na kukuuliza wewe ni wa wapi. Watafiti waliofanya kazi Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walilijua tatizo hilo, wakasaidia kutengeneza kipimo kinachomfaa mtu asiyesoma: kupanga njiti za kiberiti kwa mchoro aliooneshwa, kutaja majina ya wanyama, kukumbuka maneno machache. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kiasi cha watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana demensia, ule ugonjwa wa kusahau. Maana yake, hata huko uzeeni, walio wengi hawana. Kusahau jina la mwanao si sehemu ya kawaida ya kuwa bibi.

Hayo ni ya mwili. Ila kuna nadharia nyingine tunayoifuata wodini bila kuwahi kuisoma, na hiyo ndiyo inayonikera zaidi. Mwaka uleule wa 1961, Elaine Cumming na William Henry walichapisha kitabu kutokana na mahojiano na watu wa Kansas City, Marekani. Walidai kwamba kadiri mtu anavyozeeka hujiondoa polepole katika jamii, nayo jamii humwachia aende, na kwamba jambo hilo ni la kawaida, haliepukiki, tena lina faida kwa pande zote mbili. Robert Havighurst na wenzake walishikilia kinyume: anayeendelea kushughulika ndiye anayezeeka vizuri. Mwaka 1989 Robert Atchley akaongeza kwamba watu wengi hujaribu kuendelea kuwa walewale waliokuwa, wakibadilisha njia tu. Nadharia ya kujiondoa ilikosolewa sana, na leo vitabu vya uuguzi huitaja kama historia. Kwetu bado inafanya kazi zamu zote tatu.

Angalia raundi ya asubuhi. Daktari anampa mzee shikamoo nzuri kabisa, kisha anamgeukia mwanawe: "Anakula? Amelala? Amepata choo?" Mzee anatazama. Miwani yake ndugu wameificha isiibiwe. Meno ya bandia yako kwenye kitambaa, ndani ya begi, chini ya kitanda. Amewekewa mpira wa mkojo ingawa anaweza kwenda msalani akishikwa mkono, kwa sababu usiku hakuna muuguzi wa kumshika. Fimbo yake imesimamishwa nyuma ya mlango. Akijaribu kushuka anaambiwa, "Tulia babu, utaanguka." Basi anatulia. Hana macho, hana meno, hana fimbo, haulizwi kitu. Baada ya wiki mtu aliyeingia kwa miguu yake anabebwa hadi kwenye bajaji, na ndugu wanasema amezeeka ghafla.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliowalaza kitandani kwa siku 10 wazee wenye afya njema kabisa, wasio na ugonjwa wowote. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguuni. Sasa mfikirie mgonjwa, mwenye homa, anayekula nusu sahani. Kumlaza mzee asiye na sababu ya kulala ni kumpa ulemavu kwa nia njema.

Wanaodhani mzee amemaliza kazi yake duniani waende Ziwa Eyasi. Huko, katikati ya Wahadzabe, Kristen Hawkes na wenzake James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa wakihesabu nani analeta chakula gani. Walikuta mabibi waliokwisha kupita umri wa kuzaa wakichimba mizizi kwenye ardhi ngumu kwa saa nyingi kuliko mabinti wao, na chakula hicho kikiwalisha wajukuu. Kutokana na kazi hiyo iliyoanza kuchapishwa mwaka 1989, wakajenga nadharia inayojulikana dunia nzima: huenda mwanadamu anaishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu bibi alikuwa na kazi. Wapo wanaoipinga, na sayansi huenda hivyo. Lakini hebu tazama: moja ya nadharia kubwa za uzee imetoka kwa mabibi wa Tanzania wenye vijiti vya kuchimbia, nasi tunazeesha watu kwa nadharia ya Kansas City.

Kwa muuguzi hili lina matumizi ya moja kwa moja. Ninapompokea mzee namuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu: nyumbani kazi gani inakusubiri? Mvuvi mmoja aliyepata kiharusi alinijibu kwamba mtumbwi hauwezi tena, lakini nyavu za vijana wake hakuna anayezishona kama yeye. Tukajua la kufanya: mkono wa kulia ulegee, kidole gumba na cha shahada vikutane. Mwanawe akaleta kipande cha wavu na sindano yake. Mazoezi ambayo alikuwa akiyakataa akayafanya mpaka tukamwambia apumzike. Paul na Margret Baltes, wanasaikolojia wa Ujerumani, walilieleza hilo mwaka 1990: anayezeeka vizuri huchagua machache, huyafanyia mazoezi zaidi, na hufidia kilichopungua. Mfano wao maarufu ni mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alipunguza nyimbo, akazirudia sana, na akapiga taratibu kabla ya sehemu ya haraka ili haraka ionekane. Mvuvi wangu hakumjua Rubinstein, na hakumhitaji.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza, wauguzi hatutoshi. Ni kweli, zamu ya usiku unaweza kukuta wawili kwa wodi nzima, mmoja akiwa anahangaika na mgonjwa mahututi. Lakini uuguzi mbaya wa wazee ndio unaokula muda. Mzee akipata kidonda cha kulalia, kitanda kile kimekwenda kwa wiki nyingi, na kila asubuhi kuna kidonda cha kusafisha. Mwaka 1962, London, muuguzi Doreen Norton pamoja na wenzake walichapisha utafiti juu ya matatizo ya kuwauguza wazee hospitalini. Wakati huo kila wodi ilikuwa na dawa yake ya kupaka mgongoni. Norton alionyesha kwamba kilichosaidia ni kuondoa mgandamizo, yaani kumgeuza mgonjwa mara kwa mara. Akatuachia kipimo cha mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza, na kuzuia haja. Kila jambo lina alama 1 hadi 4. Jumla ikiwa 14 au pungufu, mtu huyo yuko hatarini, mgeuze kila baada ya saa mbili. Hakihitaji umeme wala maabara. Unakifanya ukiwa umesimama, kwa kalamu.

Na mikono ya kumgeuza tunayo. Kila mzee wodini ana ndugu aliyelala chini ya kitanda kwenye mkeka, ambaye tunamfukuza saa ya raundi na kumwita tu tukitaka damu au pesa ya dawa. Huyu akifundishwa kwa nusu saa jinsi ya kumgeuza mgonjwa, kumlisha akiwa ameketi ili asipaliwe, kumsafisha kinywa, kumpa maji kikombe kidogo kila mara bila kungoja aombe, kumtembeza hadi dirishani na kurudi, wodi inapata msaidizi, na mzee anarudi nyumbani na mtu anayejua kazi. Dada zetu na wakwe zetu wamekuwa wauguzi wa wazee miaka yote bila mtu kuwafundisha hata siku moja jinsi ya kutandika shuka juu ya makintoshi, ule mpira wa kitandani, lisiache mikunjo.

Jibu la pili nitakalopewa ni kwamba sisi Waafrika tunawaheshimu wazee, mambo haya ni ya Wazungu wanaowapeleka wazazi wao kwenye makazi ya wazee. Heshima hiyo naijua, nimelelewa nayo. Lakini natoka kanda ambako vikongwe wameuawa kwa mapanga wakiitwa wachawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu waliyoyapata kwa kupikia kuni na samadi maisha yao yote. Bibi mwenye demensia hutoka usiku asijue aendako, akakutwa kwenye mlango wa jirani saa nane. Hospitali ikisema ni uzee tu, imemrudisha kijijini bila maelezo, na kijiji kina maelezo yake. Karatasi yenye jina la ugonjwa, ikisomwa mbele ya watoto wake na mwenyekiti wa kitongoji, inaweza kuokoa shingo ya mtu. Tena tusijidanganye kuhusu makazi. Serikali inayo, Nunge ya Kigamboni, Bukumbi ya Misungwi, Kolandoto ya Shinyanga na mengineyo, na wanaoishi humo wametoka katika jamii hizihizi zenye shikamoo.

Zanzibar wamepiga hatua upande wa fedha: tangu 2016 mwenye miaka 70 hupata pensheni jamii bila kuulizwa aliajiriwa wapi. Bara hatujafika huko. Lakini mengi ninayoyadai hapa hayasubiri bajeti hiyo.

Nadai mambo matatu. La kwanza, "uzee" usikubaliwe kama sababu ya kumlaza mtu wala sababu ya kifo chake. Anayetaka kuliandika neno hilo aandike kwanza sukari, presha akiwa amelala na akiwa amesimama, mkojo, na orodha ya dawa zote. La pili, kila hospitali ya mkoa iwe na muuguzi mmoja ambaye kazi yake ni wazee, anayezunguka wodi zote, kwa sababu wazee wako kila wodi, ya mifupa, ya upasuaji, ya macho. Na kwa kuwa tunaambiwa hakuna watu, basi tazameni mlangoni: kila mwaka serikali inawaaga wauguzi wa miaka 60 wenye mikono inayojua kazi. Waiteni siku mbili kwa wiki, kwa mkataba, wawafundishe vijana na ndugu wa wagonjwa. Mtu aliyeuguza wazee hadi akawa mmoja wao ana somo ambalo chuo hakiwezi kumpa kijana wa miaka 22. La tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa upya Januari 2024, wakiingia kwenye nyumba kuuliza habari za mama mjamzito na mtoto, waulize na yule aliyekaa nyuma ya nyumba kwenye kigoda: ameanguka? anaona? anameza dawa gani?

Nawe msomaji unayo sehemu yako, kwa sababu huenda mwaka huu utampeleka mzazi hospitali. Ukiambiwa ni uzee tu, usikasirike na usiondoke. Mwambie muuguzi kwa adabu: "Sista, wiki mbili zilizopita mama alikuwa anachota maji mwenyewe." Sema tarehe mabadiliko yalipoanza, weka mfuko wa dawa mezani, mvalishe miwani yake, kisha nyamaza na umwache mama aulizwe yeye mwenyewe. Ukifanya hivyo umemlazimisha aliyeko mbele yako kutafuta ugonjwa. Akikuona msumbufu, mwambie umetumwa na muuguzi mwenzake.